Mwiba Ulionuka Dizeli

Kibondo, Jumapili, watu wakiwa kanisani

Godeliva mwanangu,

Usishangae hati. Ni yangu mwenyewe. Sikumwomba katekista aniandikie, maana katekista akiandika jambo lako leo, Jumapili ijayo utalisikia kwenye mahubiri. Nilisoma madarasa mawili, la tatu nikalikimbia, na karatasi kwangu ni ngumu kuliko hedi ya injini. Nimeanza jana. Karatasi nne nimezichana. Hii ya tano hata ikiharibika sichani, utaisoma na uharibifu wake.

Nimekaa ndani ya kichwa cha lori letu bovu, kwenye kiti cha dereva, na ninaandikia juu ya ule ubao wa matundu sita. Nimeugeuza upande wa nyuma. Wewe na mama yako mmekwenda kusali, mimi nilisema goti linauma. Goti haliumi.

Kesho asubuhi gari la misheni litakupitia kwenda Kasulu, kuanza kazi kwenye karakana yao. Mambo ya sabuni, ya blanketi, ya kusali, ya wavulana, mama yako amekuambia wiki nzima mpaka mbuzi wameyakariri. Siongezi kitu hapo. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni nozeli. La pili nalo ni nozeli, lakini hilo nitalifikia, usinikimbize.

Sasa sikia. Mimi Bukuru ni fundi. Hata wanaonichukia wanasema hivyo, tena wanasema kwa uchungu. Nilitoka hapa kijana nikaenda Tanga kukata mkonge kama Waha wenzangu. Watu wa kule walituita manamba na kutucheka tunavyotamka maneno. Wenzangu walirudi na blanketi na baiskeli. Mimi nilirudi na injini kichwani. Kuanzia Kasanda mpaka Kasulu mjini, miaka ile, hakuna lori la dizeli lililokohoa nisiitwe. Nilikuwa nasimama hapo barabarani nalisikia linapanda kilima, hata sijaliona, nasema, "Hilo lori la Kagerankanda, nozeli ya nne inadondosha dizeli badala ya kuipuliza." Likifika tunafungua. Ya nne. Hili hukusimuliwa, ulikuwepo, ukicheka na kupiga makofi.

Wewe nilikufundisha mwenyewe. Kaka yako Yosia hakutaka mafuta kwenye kucha, akakimbilia machimbo ya dhahabu huko Kahama. Ukabaki wewe. Watu walisema sana. Mama Rejina jirani alisimama pale kwenye ua akaniuliza, "Bukuru, binti analala chini ya malori, ataolewa na nani, na jeki?" Nikamjibu, "Jeki hailewi na haipigi mke, heri jeki." Alikaa mwezi mzima hanisalimii. Nilikuwa najivuna nawe. Lakini leo niseme vizuri. Ulipochomoa nozeli watu walisema "mtoto wa Bukuru", na masikio yangu yalikuwa yanachukua neno la mwisho tu.

Huko Kasulu watakuweka chumba cha pampu na nozeli, watakufundisha kwa kitabu. Kitabu sikikatai. Lakini usisahau tulivyofanya hapa nyumbani, turubai chini, hatuna karakana, mbuzi wanapita. Kabla ya spana, osha. Brashi na mafuta ya taa, pembeni mwa kila nozeli, mpaka chuma kionekane. Mimi Tanga nozeli yangu ya kwanza sikuosha. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Nilipoivuta, mchanga ukaingia kwenye tundu, tukawasha, silinda ikachubuka, msimamizi akanirudisha shambani miezi mitatu kukata mkonge. Mabomba ukishafungua, ziba midomo yake kwa vitambaa safi, vumbi la Kibondo halibishi hodi. Nozeli ikitoka, iende kwenye tundu lake la ubao, ya kwanza ya kwanza, ya sita ya sita, usizichanganye hata kama mtu anakuita chakula. Na hesabu washa za shaba, vile vipete vinavyokaa chini ya nozeli. Nozeli sita, washa sita. Ikitoka nozeli bila washa, washa imebaki chini gizani, itoe kwa waya uliopinda. Mimi niliwahi kuisahau moja nikaweka mpya juu yake. Lori lilifika Kasanda likipuliza kama nyoka, likarudi kwa kuvutwa na ng'ombe, na mimi nikasema ni kosa la dereva. Nozeli ikikwama, usiing'oe kwa mtaimbo. Nilivunja mbili hivyo. Mwagia dizeli, iache inywe, kisha izungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, kama unavyomshawishi mtoto aachie titi.

Umeona ninavyoyasema hayo kwa urahisi? Ni makosa ya zamani, na yalivunja chuma. Chuma kinanunuliwa kingine.

Haya. Sasa la pili.

Ni mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipoanza kuvuka kwa wingi. Malori yalikuwa hayapumziki, mahindi yanapelekwa makambini, maharage yanatoka vijijini, kila mwenye lori anataka lake litembee. Mzee Athumani mwenye duka la vitambaa alileta lake hapa uani likitoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Alitaka liondoke siku hiyohiyo. Akaketi kwenye kiti changu na kofia yake nyeupe, dereva wake akachuchumaa, wanaume wa mtaani wakajaa kama kawaida yao pakiwa na kitu cha kutazama. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita.

Ulichomoa zote sita peke yako. Mimi nilikuwa nimesimama tu na kuongea. Ile ya tano ilikwama, nikaenda kuchukua mtaimbo, ukasema, "Baba, tuiache inywe dizeli kwanza." Mbele ya watu. Maneno yangu mwenyewe niliyokufundisha, ukanirudishia. Tukangoja. Ukaizungusha, ikatoka na washa yake, safi. Mzee Athumani akapiga paja.

"Ewe Bukuru! Wallahi binti huyu anakupita. Kesho mimi nalileta lori kwake, wewe utatuchemshia chai."

Wanaume wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini lile neno liliniingia tumboni likakaa huko.

Ikabaki kuzijaribu. Unajua nilivyokuwa nikizijaribu. Kule Tanga fundi mkuu wetu, mzee mmoja wa Kidigo, alikuwa na desturi yake. Mwanafunzi akishajua kuchomoa na kurudisha, nozeli inafungwa kwenye bomba lake nje ya injini, watu wawili wanazungusha injini kwa hendeli, polepole, naye anakinga kiganja apokee dizeli. Kiganja kisipotetemeka, kuanzia siku hiyo anaitwa fundi. Mimi nilipokea. Nilipokuja huku nikaendelea hivyo, kila nozeli kwa kiganja. Ukungu mwembamba, nozeli nzima. Ikidondosha, mbovu. Nilikuwa nawaambia watu, "Wazungu wana mashine ya kupimia nozeli, mimi Bukuru nina mkono." Walipenda sana neno hilo. Nililipenda zaidi mimi.

Lakini yule mzee alituambia na mengine, ambayo sikuwa nikiyasema kwa watu. Kwamba kiganja kiwe mbali, urefu wa mkono mzima. Na kwamba iwe ni hendeli, kamwe isiwe stata, maana stata inaisukuma dizeli kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Betri ya Mzee Athumani ilikuwa mpya. Hakuna mtu aliyetaka kutoka jasho kwenye hendeli. Dereva akapanda, akakaa tayari kwenye stata. Wewe ukaingia ndani ukatoka na boksi la sabuni umelipasua. Ukasema, "Baba, tuikingie hili boksi. Tutaona inavyotawanya." Ulikuwa umelifikiria mwenyewe. Sikukufundisha. Lilikuwa jambo zuri, nililiona palepale kuwa ni zuri. Nikalichukua nikalitupa kule kwa mbuzi.

"Boksi ni la kuwekea sabuni," nikasema. "Leo unapokea dizeli. Leo unakuwa fundi."

Mzee Athumani akasema, "Mwache, bwana wee. Mtoto wa kike, anaogopa."

Sikumlaumu wala simlaumu. Alikuwa anatania. Ni mimi niliyejibu, "Mwanangu hajui kuogopa," na ni mimi niliyekushika kifundo cha mkono wa kulia. Nne zilipita vizuri, ukungu, ukungu, na kiganja chako hakikutetemeka. Tukafunga ile ya tano. Nilikuwa nimekusogeza karibu zaidi na nozeli kila mara, ili walio nyuma waone. Ukavuta mkono. Usidhani sikusikia ulivyovuta. Ukaniita baba kwa Kiha, kwa sauti ya chini ili wasisikie, "Data, mbali kidogo." Nikakaza. Nikapiga kelele, "Piga stata!"

Haikutoa ukungu. Ilitoa uzi mmoja, mwembamba, sikuuona vizuri. Ulisema "Aa" mara moja tu. Nilipoutazama mkono, kulikuwa na nukta chini ya kidole cha shahada. Damu ya kumtosha mbu. Watu wakasogea, "Nini? Nini?" Nikawainulia mkono wako juu wauone, nikasema, "Mwiba tu! Mwiba umemchoma fundi wetu!" Wakacheka, wakakupongeza. Neno mwiba lilizaliwa hapo, Godeliva, kama utani.

Jioni kidole kilikuwa kimejaa, kimepoa kama cha maiti. Nikakifunga kitambaa. Asubuhi mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, huwezi kuinua kijiko, mama yako akasema hospitali. Nikakupeleka.

Sasa unakumbuka nani alikuwa zamu. Lazaro. Sijui kama ulijua yaliyokuwa kati yetu. Lazaro alikuja kwangu kijana mdogo aliyemaliza shule, anataka kujifunza ufundi, nikamfukuza baada ya mwezi mmoja. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Mikono yako ni ya kubembeleza karatasi. Nenda kabembeleze." Akaenda, akasoma, akarudi tabibu, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Nilikuwa nikipishana naye sokoni natazama upande.

Akakukalisha. Akauliza kwa upole, "Imekuwaje, mdogo wangu?"

Ukafungua mdomo. Na mimi, na buti yangu hii ninayoivaa sasa hivi, nikakukanyaga mguu.

"Mwiba," nikasema. "Alikuwa anaokota kuni."

"Mwiba wa mti gani, mzee?"

Nikamtajia mti. Hata mti niliutafutia jina! Akaandika. Niliitazama kalamu yake inaandika, na sijui kusoma vizuri hati ya watu wa hospitali, lakini lile neno nililisoma. Akakuchoma sindano, akakupa vidonge, akasema uloweke mkono kwenye maji ya chumvi. Akaniuliza tena, "Hakuna kingine, mzee?" Nikasema, "Kingine nini? Kwani mimi ndiye daktari?"

Njiani ulikuwa unachechemea. Nikakuuliza mguu una nini.

Siku ya tatu kidole kilikuwa cheusi na cha pili kinakifuata. Tukarudi. Lazaro alipofungua kitambaa akainamisha kichwa, akanusa. Akanusa tena. Akaniangalia.

"Mzee, mwiba gani huu unanuka dizeli?"

Ukajibu wewe. Unakumbuka ulivyosema? "Kitambaa kilikuwa cha gereji." Umelala pale, mkono unaoza, na unanitafutia njia ya kutokea.

Walipomaliza kupasua, vidole viwili havikuwepo, na kipande cha kiganja. Wewe ulikuwa bado umelala kwa dawa. Lazaro alinikuta nje kwenye bomba la maji. Haya sijawahi kukuambia. Alisema hivi, nayakumbuka yote, "Dizeli ikisukumwa chini ya ngozi haionekani. Inatembea ndani, inaua nyama kimyakimya. Mtu akija akasema dizeli, hatumpi vidonge, tunapasua saa hiyohiyo. Ungesema neno moja juzi, mzee. Siwezi kukuapia kwamba vidole vingebaki. Lakini juzi hukunipa hata nafasi."

Nikamjibu nini? Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyesoma. Ungejua."

Akafunga bomba, akaingia ndani.

Niliporudi mtaani nikasema umejiumiza mwenyewe. Ujuaji, nikasema. Nimemkataza, hakusikia, mtoto wa kike na mambo ya wanaume. Kwa wengine nikasema mwiba, kwa wengine nikasema ujuaji, kutegemea nani anauliza. Mzee Athumani alikuwepo, aliona kila kitu. Hakunikanusha. Aliacha tu kuleta lori lake, na akija kupita hapa ananisalimia kwa mbali, mkono kifuani. Na wengine wakaacha. Mimi nikasema barabara imekuwa mbovu, biashara imekufa, mafundi wa siku hizi wanaharibu soko. Uani hapa pakabaki hili lori letu lisilo na pampu, na kuku.

Nikakukataza kushika spana. Nilisema ni kwa ajili ya mkono wako. Ilikuwa ni kwa ajili ya macho yangu, sikutaka kuuona ule mkono karibu na injini.

Lakini nilikuona. Ulidhani nalala mchana? Kila Jumamosi mimi nikiingia ndani, ulikuwa unafungua boneti ya lori hili. Nilikuwa nasimama nyuma ya dirisha. Mwanzoni spana ilikuwa ikikuponyoka mkono wa kushoto, unaokota, inaponyoka. Ulilia siku moja, ukafuta kamasi kwa bega, ukaendelea. Unachomoa sita, unapanga kwenye ubao, unahesabu washa, unarudisha sita. Jumamosi nyingine tena. Nozeli za lori lisilowaka! Baada ya mwaka ulikuwa umejua kukaza kwa kushoto na kushikilia kwa vidole vitatu vya kulia, na hakuna mtu aliyekuonyesha, kwa sababu mimi hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo. Kuna kosa moja ulikuwa unafanya. Ulikuwa unakaza kibano cha nozeli kabla ya kuanzisha nati ya bomba kwa vidole, basi bomba linakaa upande na nyuzi za nati zinaumia. Niliona kwa miaka mitatu. Ningetoka nikakuambia ingekuwa dakika moja. Lakini nikitoka ningelazimika kusema lile lingine kwanza, na hivyo nikabaki dirishani na kuliangalia kosa lako. Anzisha nati kwanza. Ndiyo hiyo, nimekuambia.

Mwezi uliopita gari la misheni likafia karibu na soko, mafundi wakahangaika, na wewe ukapita na kapu la muhogo ukasema nozeli ya pili inadondosha. Hilo nililisikia kwa Mama Rejina, kabla yako. Alikuja mbio kunieleza, "Bukuru, binti yako amewaaibisha wanaume sokoni!" Sikulala kwa furaha, na sikukuambia.

Kisha mkuu wa karakana akaja hapa mwenyewe kuomba ruhusa yangu, mtu wa heshima, kavua kofia mlangoni. Akakaa. Akasema, "Mzee wangu, nimempa nozeli sita azichomoe na kuzirudisha, amenishinda mimi. Nikamuuliza nani amekufundisha, akasema baba yangu. Nikamuuliza vidole vimekwenda wapi, akasema mwiba." Akatikisa kichwa. "Pole sana. Mwiba tu na vidole viwili! Ni miiba gani hiyo ya Kibondo?"

Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai mkono wa kushoto.

Nilikuwa na nafasi hapo, mwanangu. Ilikuwa kubwa kama geti. Na unajua nilichosema. "Miiba ya huku ni mikali." Nikacheka na kucheka. Yeye akacheka kwa adabu. Uliweka kikombe mezani, hakikumwagika hata tone, ukatoka. Hukuubamiza mlango. Ungeubamiza ningelala usiku ule.

Nimelifikiria jambo hili mwezi mzima. Umemwambia mwiba, miaka mitano baadaye, mtu ambaye hanijui na hawezi kunifanya kitu. Sikuwepo kukukanyaga mguu. Nimekufundisha vizuri kiasi hicho. Na unakwenda kukaa kwenye chumba chenye mashine ya mkono ya kupimia nozeli, na hiyo nimewahi kuiona, ina nguvu na uzi wake hauna mzaha. Siku moja, na Mungu aiweke mbali, nozeli itatoa uzi, itakugusa mkono uliobaki. Nukta ndogo. Hakuna damu. Utafanya nini? Utafunga kitambaa, utasema mwiba, usimwaibishe mtu. Hilo ndilo ninaloliogopa, na mimi ndiye niliyelipanda.

Hapa niliacha kuandika maana mmerudi kutoka kanisani. Wewe umepitiliza kwa Mama Rejina kuaga. Nimemwita mama yako hapa kwenye lori, akiwa bado na kitenge chake cha kanisani, nikamwambia yote, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva kama mpumbavu na mlango uko wazi. Kiganja, stata, kifundo cha mkono, buti.

Akanisikiliza. Akasema, "Baba Yosia, kile kitambaa ulichomfungia jioni ile, nani alikifua?"

Nikashika usukani.

"Mimi ndiye niliyekifua. Mafuta yalielea juu ya beseni. Na wewe jioni yake ulikuwa umekaa pale mlangoni unasema mwiba."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Asubuhi nilimfunga kingine, hicho nikakifua ninyi mmeshakwenda hospitali. Nikadhani umesema huko. Ni baba yake, nikasema, atakuwa amesema. Mliporudi na vidonge, nawe bado unasema mwiba, nikajua hukusema, na nikaogopa kukuaibisha kwa Lazaro. Hilo ni langu, nitamwambia mwenyewe. Lakini wewe nimekungoja miaka mitano, Bukuru." Hajawahi kuniita Bukuru tangu tuoane. Akaenda jikoni. Namsikia anatwanga kisamvu. Anatwanga kwa nguvu.

Basi ndivyo ilivyo. Watu watatu tumekaa nyumba moja, tunakula sahani moja, na kila mmoja analinda jina la fundi. Jina lenyewe halina hata lori la kutengeneza.

Msamaha sikuombi kwa karatasi. Ungeniandikia "nimekusamehe, baba" kwa adabu yako, na tungerudi palepale kwenye mwiba. Kaa na hasira yako mpaka ikutoshe. Ukirudi na ukataka kupiga mlango, piga, nitautengeneza.

Ninachokutaka ni hiki, na hiki nakuamuru, maana bado ni baba yako. Dizeli ikikugusa ngozi kwa nguvu, hata kama ni nukta, hata kama huumwi, hata kama mkuu mwenyewe ndiye aliyeshika hendeli, acha spana, nenda hospitali, na neno la kwanza kutoka mdomoni mwako liwe dizeli. Kabla ya jina lako. Kabla ya shikamoo. Na ukimwona mwenzako anakinga kiganja, mpige mkono huo, halafu mpe boksi.

Ubao huu wa matundu sita uchukue. Nilichonga mwenyewe, mninga, hakuna wa namna hii Kasulu nzima.

Kesho gari likija, mkuu atakuwemo. Nimekusudia kutoka, nisimame mbele yake na mbele ya mama yako na Mama Rejina na yeyote atakayekuja kushangaa, nimwambie vidole vilikwenda wapi. Nimekusudia. Lakini mimi najijua, mdomo huu umeshanikimbia mbele ya Lazaro, na kwenye bomba la maji, na mbele ya kikombe cha chai. Ukiniona nimeanza kucheka na kusifia miiba, usingoje. Mpe barua hii aisome. Na hata nikifaulu kusema, mpe vilevile, iwepo karakana, siku nikianza kukana wawe nayo.

Ni mimi baba yako, Fundi Bukuru wa Kibondo, niliyekushika kifundo cha mkono ukivuta.